Sura ya Tano: Gharama za Kumpokea Mgeni

Kujitolea, kwa maana inayotumika katika sura hii, ni kufanya kazi kwa hiari, kwa muda uliowekwa na bila mshahara wa soko, kwa manufaa ya watu ambao mfanyakazi hana udugu nao wala biashara nao. Kazi ya namna hii inapofanyika katika kijiji cha nchi nyingine, miongozo mingi huanza kwa kumweleza mjitoleaji mizigo atakayobeba, chanjo atakazochomwa na namna ya kuukabili upweke, kana kwamba safari yote ni ya mtu mmoja. Mambo hayo yana umuhimu wake, lakini yanaficha upande wa pili wa hesabu, kwa sababu mgeni anayefika kijijini kufanya kazi huwagharimu wenyeji wake kabla hajawafaa: atahitaji chumba, atahitaji mtu wa kumfundisha lugha na kumwonyesha njia, atachukua saa za mwalimu, za muuguzi au za mtendaji ambazo zingetumika kwingine, na usalama wake utakuwa dhamana ya watu ambao pengine hawakuulizwa kama wanaitaka. Hoja ya sura hii ni kwamba ubora wa maandalizi ya mjitoleaji hupimwa kwa kiasi yanavyopunguza gharama hizo, na kwamba kila kipengele chake, kuanzia kibali cha kuingia nchini hadi siku ya kuondoka, hueleweka vizuri zaidi kikitazamwa kutoka upande wa anayepokea.

Mafunzo yalivyohama kutoka chuoni hadi kijijini

Historia ya mafunzo ya wajitoleaji inaonyesha jinsi mashirika yalivyojifunza polepole, na mara nyingine kwa aibu, kwamba kijiji chenyewe ndicho darasa. Mwaka 1920 Pierre Cérésole, Mswisi aliyepinga vita, alikusanya kikundi kidogo cha watu wa mataifa mbalimbali, wakiwamo Wajerumani, kwenda kusaidia kujenga upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun, Ufaransa, kilichokuwa kimebomolewa katika Vita Kuu ya Kwanza. Kikundi hicho, ambacho ndicho chimbuko la shirika la Service Civil International, kilikuwa na nia, nguvu na zana, lakini kuwapo kwa Wajerumani mahali ambapo majeraha ya vita yalikuwa bado mabichi kuliibua upinzani, na kazi ikakatishwa mwaka uliofuata. Shirika la Uingereza la VSO, lililoanzishwa mwaka 1958 na Alec Dickson na mkewe Mora, lilianza kwa kupeleka vijana waliomaliza shule ya sekondari, kwa imani kwamba ujana na moyo wa kazi vingetosha. Baada ya miaka michache likaanza kuchukua wahitimu wa vyuo, na hatimaye likawa shirika la watu wenye taaluma na uzoefu, kwa kuwa nchi zilizojitawala zilihitaji walimu, wakunga na mafundi kuliko zilivyohitaji wageni wenye bidii.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki ni ule wa Peace Corps, kikosi cha wajitoleaji cha serikali ya Marekani kilichoundwa kwa amri ya Rais John F. Kennedy tarehe 1 Machi 1961. Tanganyika, iliyokuwa ikielekea uhuru wake wa tarehe 9 Desemba mwaka huohuo, ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kuwapokea wajitoleaji hao, na kundi lililokuja lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia, fani ambazo nchi ilikuwa na upungufu nazo mkubwa. Maandalizi yao yalianzia katika chuo cha Texas Western mjini El Paso, yakamalizikia Tengeru, karibu na Arusha. Mafunzo ya miaka ile yalifanyika zaidi katika vyuo vya Marekani, yakichanganya mihadhara ya historia na siasa, masomo ya lugha, mazoezi ya viungo na uchunguzi wa wanasaikolojia, ambao tathmini yao ingeweza kumwondoa mtu kundini kabla hajapanda ndege. Dhana iliyoyaongoza ilikuwa kwamba mtu anaweza kukamilishwa kwao, kisha akapelekwa ugenini akiwa tayari.

Dhana hiyo ilitikiswa mapema. Mnamo Oktoba 1961, katika chuo kikuu cha Ibadan, Nigeria, ambako kundi jingine la kikosi hicho lilikuwa mafunzoni, mmoja wa wajitoleaji alimwandikia rafiki yake wa Marekani postikadi iliyoeleza kwa mshangao hali duni za maisha alizoziona mjini. Kabla haijafika posta postikadi hiyo ikaokotwa, ikanakiliwa na kusambazwa chuoni, na wanafunzi wa Kinigeria wakaandamana. Aliyeiandika alilazimika kuondoka nchini. Miaka saba baadaye, Aprili 1968, padri na mwanafikra Ivan Illich aliwahutubia huko Cuernavaca, Mexico, watu waliohusika na mpango wa kuwapeleka wanafunzi wa Marekani katika vijiji vya Mexico wakati wa likizo ya kiangazi, akawakosoa bila kuwaonea haya, akishikilia kwamba nia njema haimpi mtu haki ya kuingilia maisha ya watu ambao hata lugha yao haijui. Kufikia miaka ya 1970 sehemu kubwa ya mafunzo ya Peace Corps ilikuwa imehamishiwa katika nchi zinazopokea, na utaratibu uliopo sasa humweka mjitoleaji katika nyumba ya familia ya wenyeji kwa takriban miezi 3 kabla ya miaka 2 ya kazi. Hatua hiyo iliboresha mafunzo, lakini pia ilihamisha gharama, kwa sababu kazi iliyokuwa ikifanywa na wahadhiri wa chuo ilikabidhiwa kwa akina mama wenye nyumba, watoto wao na majirani, ambao ndio hasa humfundisha mgeni jinsi ya kuoga kwa ndoo moja, kuwasha jiko la mkaa na kunyamaza inapobidi.

Ruhusa kabla ya nauli

Sehemu ya kwanza ya maandalizi ni kujua nani aliyeomba huduma inayopelekwa. Mahitaji ya kijiji yanaweza kuandikwa na shirika lililo mji mkuu, au na wakala wa safari anayeuza nafasi za kujitolea kama bidhaa za kitalii, au na kijiji chenyewe kupitia vikao vyake, na tofauti kati ya njia hizo tatu huonekana tangu siku ya kwanza, pale mgeni anapokuta kazi ikimsubiri au anapokuta watu wakijiuliza wampe kazi gani. Methali ya Kiswahili inayotaka mgeni apewe jembe siku ya tatu hunukuliwa sana kumhimiza mgeni asizembee, lakini inabeba sharti ambalo husahaulika, nalo ni kwamba jembe hutolewa na mwenyeji, katika shamba la mwenyeji, kwa zao alilochagua mwenyeji.

Katika Tanzania sharti hilo lina sura ya kisheria. Mgeni anayekuja kujitolea anapaswa kuwa na kibali cha ukaazi cha daraja C, ambalo huwahusu pia wanafunzi na watafiti, na viza ya utalii haimruhusu kufanya kazi hata kama kazi hiyo haina malipo. Kwa upande wa kijiji, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inautambua Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, kuwa chombo cha juu kabisa cha maamuzi kijijini, na Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, kuwa chombo cha utendaji. Mradi ambao haukuwahi kutajwa katika vikao hivyo unaweza kuwa na fedha na wafadhili, lakini hauna mwenyewe. Nchini Kenya shughuli kama hii hupita kwa chifu na naibu wake, na watu huelezwa barazani. Majina ya ofisi hubadilika kutoka nchi hadi nchi, ila hakuna kijiji kisicho na mlango wake wa kuingilia.

Utambulisho wenyewe hushuka ngazi kwa ngazi. Barua kutoka ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya humfikisha mgeni kwa Mtendaji wa Kata, naye humwelekeza kwa Mtendaji wa Kijiji, ambaye humtambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa mwenyekiti wa kitongoji atakamolala. Juu ya meza ya ofisi ya kijiji huwapo kitabu cha wageni, mara nyingi daftari kubwa lenye jalada gumu, ambalo safu zake zimechorwa kwa rula na kalamu ya wino: tarehe, jina, atokako, madhumuni ya ziara, sahihi. Safu ya madhumuni haina upana wa kumeza maneno makubwa ya maandiko ya miradi, na zoezi zuri la maandalizi ni kuijaza kabla ya safari, kwa lugha ya wenyeji, kwa maneno manne au matano. Anayeweza kuandika kwamba atafundisha hisabati kidato cha pili, au kwamba atasaidia zahanati kutunza kumbukumbu za kliniki ya watoto, ana kazi. Anayelazimika kuandika kwamba amekuja kuleta maendeleo bado hajaipata.

Lugha na dhana ya ujirani

Lugha ndiyo gharama ambayo mgeni anaweza kuipunguza kwa kiasi kikubwa zaidi akiwa bado kwao, kwa kuwa kila neno analojifunza mapema ni dakika anayomrudishia mtu atakayekuwa mkalimani wake. Mpango wa wajitoleaji wa Japani, ulioanzishwa mwaka 1965 na kuwaleta wajitoleaji wake wa kwanza Kenya mwaka 1966 na Tanzania mwaka 1967, umejulikana kwa kuwaweka watu wake katika vituo vya mafunzo vya Komagane na Nihonmatsu kwa wiki kadhaa za masomo ya lugha, Kiswahili kikiwamo, kabla ya kuondoka. Hata hivyo darasa hufundisha lugha sanifu, wakati kijiji huzungumza kwa salamu. Katika sehemu kubwa ya Tanzania mtu anayemwendea mzee moja kwa moja na swali lake, bila shikamoo, bila kuuliza habari za nyumbani, za kazi na za watoto, huonekana amekuja kuchukua kitu, hata kama amekuja kutoa. Kupiga hodi na kusubiri kukaribishwa, kupokea kwa mkono wa kulia, kukaa kidogo hata kama chai haijaiva, na kutoa pole kwa msiba hata usiomhusu, ni mambo yanayoweza kufundishwa kwa maneno machache, lakini yanahitaji kurudiwa mpaka yawe mazoea.

Suala la lugha lina uzito wa pekee kwa mjitoleaji wa Kiafrika anayekwenda nchi nyingine ya Kiafrika, ambaye idadi yake imekuwa ikiongezeka kupitia Mpango wa Wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa, ulioidhinishwa na Baraza Kuu mwaka 1970, na kupitia mipango ya kubadilishana wafanyakazi kama ule wa Norway, ambao tangu mwaka 2000 umejengwa juu ya msingi wa nchi kupeleka na kupokea kwa pamoja. Kijana kutoka Morogoro au Machakos anayepangiwa kijiji cha Uganda, Malawi au Burundi huwa katika hatari ambayo Mzungu hana, yaani kudhani kwamba yuko nyumbani. Rangi ya ngozi haimtangazi, ugali anaujua, na jembe si kitu kigeni kwake. Kwa hiyo huruka hatua za kujifunza ambazo mwenzake kutoka mbali angelazimika kuzipitia. Kiswahili chenyewe hakimfungulii kila mlango. Nchini Uganda kimehusishwa kwa muda mrefu na jeshi na polisi, na mkulima mzee wa Buganda anaweza kukisikia kama lugha ya amri. Katika vijiji vya Burundi na Rwanda karibu watu wote huendesha maisha yao kwa Kirundi na Kinyarwanda. Na mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku, kile cha Bukavu au Goma kina mpangilio wake, na mgeni anayewasahihisha wenyeji kwa kutumia kamusi ya Dar es Salaam hujifungia nje. Mgeni ni kuku mweupe, wahenga walisema, na ugeni huo hauondoki kwa sababu tu mpaka uliovukwa ulikuwa karibu.

Afya ya mgeni na afya ya mwenyeji

Ushauri wa afya kabla ya safari kwa kawaida humlinda msafiri, na ni sahihi kufanya hivyo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa zinakitambua kwa maisha yote ya aliyechanjwa. Dawa za kuzuia malaria hutofautiana kwa muda wa matumizi: doksisaiklini huanza siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo lenye malaria na kuendelea kwa wiki 4 baada ya kutoka, ilhali mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili huendelea kwa siku 7 tu baada ya kutoka, na uchaguzi kati yao ni kazi ya daktari anayejua historia ya mhusika. Mwafrika aliyekulia kwenye malaria hapaswi kudhani kwamba utoto wake utamkinga daima, kwa sababu kinga ya sehemu anayoipata mtu kwa kuambukizwa malaria mara kwa mara hupungua akikaa miaka kadhaa mbali na ugonjwa, iwe ni Oslo au nyanda za juu zenye baridi. Chandarua chenye dawa ni chake pia, na homa yoyote baada ya kurudi nyumbani inastahili kipimo.

Kinachosahaulika ni mwelekeo wa pili wa maradhi. Mnamo Oktoba 2010, miezi 9 baada ya tetemeko lililobomoa mji mkuu wa Haiti, kipindupindu kilizuka nchini humo, mahali ambapo hakikuwa kimerekodiwa kwa zaidi ya karne moja. Uchunguzi ulielekeza chanzo kwenye kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa karibu na Mirebalais, ambayo maji yake machafu yaliingia katika kijito kinachotiririka hadi mto Artibonite, mto ambao maelfu ya wanavijiji waliutumia kwa kunywa, kufua na kumwagilia mashamba. Watu takriban 10,000 walikufa katika miaka iliyofuata, na Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi Wahaiti kwa niaba ya Umoja huo. Walinda amani si wajitoleaji wa kijijini, lakini somo linawahusu wote: mtu anayetoka mbali husafiri na vijidudu vya kwao, na maandalizi ya afya yanayokamilika ni yale yanayouliza pia choo cha mgeni kitakuwa wapi, maji yake machafu yatamwagwa wapi, na kama akiugua atachukua kitanda cha nani katika zahanati yenye vitanda vichache.

Kazi inayoweza kurithiwa

Ustadi unaopelekwa kijijini hupimwa kwa kile kinachobaki mikononi mwa wenyeji, na jambo hili huonekana vizuri katika sekta ya maji. Pampu ya mkono aina ya Afridev, iliyoendelezwa katika miaka ya 1980 kwa majaribio yaliyofanyika Malawi na katika pwani ya kusini ya Kenya, eneo la Kwale, ilibuniwa kwa kuanzia na swali la nani atakayeitengeneza ikiharibika. Pampu nyingi za kabla yake zilihitaji gari la mafundi kutoka wilayani, winchi na wanaume kadhaa wa kunyanyua mabomba mazito ya chuma. Afridev, inayofaa kwa visima vya kina cha hadi mita 45 hivi, hufunguliwa kwa spana moja, fimbo zake huunganishwa kwa kulabu bila skrubu, na valvu ya chini huvuliwa kwa kifaa maalumu bila kung'oa bomba zima. Mpira wa kuzibia maji kwenye pistoni, ambao ndio huchakaa haraka, hubadilishwa na mtu aliyefundishwa kwa muda mfupi. Huko Kwale vikundi vya wenyeji, wanawake wakiwa mstari wa mbele, ndivyo vilivyobeba jukumu la kutunza pampu na kukusanya fedha za vipuri. Mjitoleaji wa maji aliyejiandaa vizuri ni yule anayejifunza kifaa kilichopo tayari, duka la vipuri lililo karibu na chombo cha watumiaji maji kinachotambulika, ambacho kwa Tanzania ya sasa hufanya kazi chini ya usimamizi wa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, kabla ya kufikiria kifaa kipya alichokiona kwao.

Kutokana na uzoefu wa namna hii mashirika mengi humpangia mjitoleaji mwenzi wa kazi, yaani mwenyeji mwenye ajira au wadhifa katika eneo hilo ambaye hufanya naye kazi ileile na ataiendeleza baadaye. Utaratibu huu hufanikiwa pale mwenzi huyo anapokuwa amechaguliwa kabla mgeni hajafika, amekubali mwenyewe, na majukumu yake ya kawaida yamepunguzwa na mwajiri wake. Vinginevyo mwalimu wa sayansi mwenye vipindi vingi na marundo ya madaftari ya kusahihisha huongezewa kazi ya tatu, ya kumlea mgeni, bila hata nauli ya kwenda mjini kumfuatilia barua zake.

Kalenda nayo ni sehemu ya ustadi. Katika maeneo ya Tanzania yenye misimu miwili ya mvua, masika huanza Machi na vuli huanza Oktoba, wakati maeneo ya kati, ya kusini na ya magharibi hupata msimu mmoja mrefu kati ya Novemba na Aprili au Mei, na mkutano wowote unaoitishwa wakati wa palizi huhudhuriwa na wale wasio na shamba. Mwalimu anayefika Septemba katika shule ya msingi hukuta darasa la saba likifanya mtihani wa taifa, na akifika Novemba katika sekondari hukuta kidato cha nne mtihanini na walimu wakiwa wasimamizi, ilhali mwaka wa masomo huanza Januari. Tarehe ya kuwasili inayopangwa kwa kufuata bei za tiketi au likizo za Ulaya huwafanya wenyeji walipe gharama ya wiki kadhaa za mgeni asiye na la kufanya.

Fedha, picha na watoto

Posho ya mjitoleaji, ambayo ni malipo ya kujikimu na si ujira, huwekwa kwa kawaida karibu na kipato cha watumishi wa eneo husika, ili asiishi juu ya majirani zake wala kuwa mzigo kwao. Hata hivyo mgeni hudhaniwa kuwa na fedha, na maandalizi yanapaswa kumpa njia ya kuishi na dhana hiyo bila kununua upendeleo. Mfano mzuri ni msiba. Jirani akifiwa, daftari la michango hupitishwa nyumba kwa nyumba, na kila jina huandikwa mbele ya kiasi kilichotolewa. Mgeni anayetoa kidogo mno huonekana hana utu, na anayetoa mara kumi ya wengine huipandisha bei ya ujirani, kwa kuwa mchango wa kawaida wa mkulima huanza kuonekana kama dharau. Kinachotakiwa ni kumuuliza mapema mama mwenye nyumba au balozi wa nyumba kumi kiwango kinachofaa, kukitoa kwa jina lake daftarini, kisha kwenda kukaa msibani, kwa sababu kuhudhuria ni mchango ambao hauandikwi lakini haukosi kuhesabiwa.

Kwa habari ya picha, tukio la Ibadan la mwaka 1961 lina funzo ambalo simu za mkononi zimelizidisha nguvu: kinachoandikwa kwa ajili ya marafiki wa nyumbani husomwa pia na wale wanaoandikwa. Kanuni rahisi ya maandalizi ni kutoandika wala kupiga picha yoyote ambayo mhusika asingefurahi kuiona imebandikwa ukutani katika ofisi ya kijiji, na kutompiga mtoto picha bila idhini ya mzazi au mlezi wake.

Watoto wanahitaji tahadhari iliyo pana zaidi. Katika nchi kama Kambodia na Nepali imebainika kwamba watoto wengi wanaoishi katika vituo vya kulelea yatima wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na kwamba wageni wanaolipa ili wakae na watoto hao kwa wiki chache wamekuwa kichocheo cha kuvifungua na kuvijaza vituo. Mtoto anayezoeshwa mlezi mpya kila mwezi na kuachwa naye kila mwezi huumia katika uwezo wake wa kushikamana na watu. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio lake kuhusu haki za mtoto, lilizitaka nchi zizuie madhara yanayotokana na mipango ya kujitolea katika vituo vya yatima, ikiwamo ile inayofungamana na utalii. Mjitoleaji mwangalifu ataepuka nafasi yoyote inayomweka karibu na watoto bila kumtaka cheti cha polisi cha mwenendo mwema, bila ustadi wa malezi na bila msimamizi.

Maandalizi ya mwenyeji

Yote yaliyoelezwa hadi hapa yanamhusu anayekwenda, lakini vijiji vya Afrika Mashariki vimekuwa vikipokea wajitoleaji kwa zaidi ya miaka 60, na uzoefu huo mkubwa kwa sehemu kubwa umebaki vichwani mwa watu bila kugeuzwa kuwa masharti. Halmashauri ya Kijiji ina uwezo wa kudai, kabla ya kukubali mgeni, majibu ya maandishi ya maswali machache: kazi gani hasa itafanyika na ni kikao gani kilichoiomba, mwenyeji gani ataifanya pamoja naye na ataachiwa nini, nani atalipia chumba, chakula, matibabu na muda wa wanaomfundisha, na tarehe ipi ataondoka. Swali la mwisho ndilo huulizwa mara chache zaidi, ingawa ndilo linaloamua mengine, kwa kuwa mgeni asiye na tarehe ya kuondoka hana sababu ya kumwandaa mrithi, na mwenyeji asiyeijua tarehe hiyo hana sababu ya kujiandaa kurithi. Kutoka kwa mgeni kunapaswa kupangwa tangu mwanzo, kwa makabidhiano ya vifaa yanayoandikwa katika daftari la mali za kijiji au la shule, funguo zikiwa zimeshahamia kwa mtu mwingine wiki kadhaa kabla.

Kijiji kinachouliza maswali hayo hakimfukuzi mgeni mwema, kwa sababu mtu aliyejiandaa atakuwa na majibu, na asiye nayo atakuwa amewaokolea wenyeji gharama za kumjua polepole. Mashirika yanayopeleka watu yana fomu zao za kuchuja waombaji, na hakuna sheria inayowazuia wanaopokea kuwa na za kwao. Siku ambapo barua ya kuomba mjitoleaji na masharti ya kumpokea vitakuwa vimeandikwa kijijini, katika kumbukumbu za kikao chenye akidi, maandalizi ya mgeni yatakuwa yameanzia mahali panapostahili, na mzigo wa kuthibitisha manufaa ya safari utakuwa umerudi kwa anayesafiri.